Kuandaa shughuli ya jamii katika kituo cha televisheni ya umma: mwongozo kamili, kuanzia swali la kwanza hadi majibu yawarudie watu

Onyesho la kwanza nililopewa kulisimamia lilijaza ukumbi. Filamu ilikuwa ya dakika 84, inahusu shida ya maji katika mitaa ile ile waliyotoka watazamaji, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyetikisika kitini. Taa zilipowashwa tukapandisha wataalamu wanne jukwaani. Kila mmoja aliombwa aseme kwa kifupi, na kila mmoja akasema kwa kirefu. Zamu ya watu ilipofika zilibaki dakika 11. Safu ya tatu, kando ya njia, alikaa mama mmoja aliyeshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Alinyoosha mkono mara mbili. Mara ya tatu hakunyoosha. Aliitia karatasi kwenye mkoba, akamwamsha mtoto aliyelala kando yake, wakatoka.

Tangu siku hiyo kila shughuli ninayoipanga naipima kwa karatasi ile: safari hii ingepata nafasi ya kusomwa? Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mwenzangu aliyeajiriwa au anayejitolea katika kituo kidogo cha umma, aliyeitwa ofisini akaambiwa "tufanye kitu na jamii", kisha akaachwa na wiki chache na bajeti ndogo.

Kituo kinaita watu ili kiwasikilize

Televisheni ya umma ni mali ya watazamaji wake. Iwe inaendeshwa kwa ada, kwa ruzuku au kwa michango, fedha ni zao. Vituo vya mwanzo vililijua hilo vizuri. Huko Marekani, KUHT ya Houston ilianza kurusha matangazo Mei 1953 ikiwa televisheni ya kwanza ya elimu isiyo ya biashara, na Aprili 1954 ikaja WQED ya Pittsburgh, ya kwanza kubebwa na jamii yenyewe badala ya chuo au shule. Mwaka 1955 KQED ya San Francisco, ikihangaikia fedha za kuendelea, ilifanya mnada hewani, na vituo vingine vikaiga. Mwaka 1978 sheria ya nchi hiyo ikavitaka vituo vya kijamii vinavyopokea ruzuku ya umma viwe na baraza la ushauri la wananchi.

Njia yenyewe ya kuwakusanya watu wasikilize, wajadili na wajibiwe ina umri mkubwa kuliko televisheni. Kanada, kuanzia 1941, wakulima walikutana jioni nyumbani kwa jirani, wakasikiliza kipindi cha redio ya taifa, wakajadili, kisha katibu wa kikundi akaandika maoni na kuyatuma. Baadaye muhtasari wa maoni hayo ulirudi hewani. Tanzania mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa kazi, na kipindi kilipokwisha watu walishika majembe wakachimba vyoo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kisiwa cha Fogo, Newfoundland, mwaka 1967. Watengenezaji wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, akiwamo Colin Low, wakishirikiana na chuo kikuu cha huko, waliwarekodi wavuvi ambao kuhamishwa kwao kulikuwa kunajadiliwa. Filamu fupi zaidi ya 20 zilionyeshwa kwanza kwa wenyewe, katika kumbi za vijijini, na aliyerekodiwa aliweza kukataa kipande chake kisitoke nje. Vijiji ambavyo havikuwa vikikaa pamoja vikaona kwamba shida ni moja. Kisha filamu zikapelekwa kwa viongozi wa serikali, waziri akajibu mbele ya kamera, na jibu lake likarudishwa kisiwani. Wakazi wakaunda ushirika wa uvuvi, na kisiwa kikabaki na watu wake. Ukitaka kujua shughuli yako inapaswa kwenda mwendo gani, uko hapo: maneno ya watu yanakwenda, majibu yanarudi.

Hatua ya 1: Andika swali moja (wiki 10 kabla)

Usianze na filamu, wala ukumbi, wala bango. Andika swali moja ambalo kituo hakina jibu lake lakini watu unaotaka kuwaita wanalo. "Kuelimisha jamii kuhusu afya ya akili" si swali. Hiyo ni kazi ya kipindi. "Kijana akianza kujitenga, nani humwona kwanza, na akishamwona humpeleka wapi?" Hilo ni swali. Likikaa sawa litakuchagulia filamu, wageni, mahali na hata saa.

Maswali ya namna hiyo hayapatikani kwenye kikao cha ofisini. Nenda ukakae na watu sehemu tatu au nne tofauti, bila kamera, uulize na uandike. Na kabla ya kutoka nje, muulize anayepokea simu za kituo. Yeye ndiye anayesikia kila siku watu wanalalamikia nini, wanashukuru nini, wanaomba nini, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bado hujamaliza hatua hii mpaka umpate mtayarishaji wa vipindi mmoja, kwa jina, atakayekubali kuyatumia yatakayosemwa. Akikosekana, ahirisha. Ni afadhali kuchelewa mwezi mmoja kuliko kuwaita watu watoe yaliyo moyoni kisha yaishie kwenye daftari.

Hatua ya 2: Chagua sura ya shughuli

Onyesho la filamu na mjadala ndilo linalofaa mara nyingi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu yake. Mkutano wa wananchi unaorushwa mubashara unafaa pale jambo lina uamuzi unaokaribia na mwenye kuamua amekubali kuketi mbele ya watu. Asipokuja yeye mwenyewe, usirushe. Siku ya milango wazi, watu wakizunguka studio na kukaa kwenye kiti cha msomaji wa habari, ni ya furaha na haina mizigo mingi, ila weka mtu wa kulinda kila mlango wa chumba cha mitambo, na funika nyaya za sakafuni.

Ipo sura nyingine ambayo vituo vingi vimeisahau: siku ya kumbukumbu. Watu wanakuja na picha za zamani, barua, kanda. Ninyi mnazinakili kwa skana, mnamrudishia mwenyewe asili yake pale pale pamoja na nakala, na mnamrekodi kwa dakika tano akieleza nani yuko kwenye picha. Sheria yake ni moja: kitu cha mtu kisitoke machoni pake. Skana iwe juu ya meza anayoiona, naye akae kiti cha mbele yake. Picha ikisharudi mkononi mwake ndipo wa pili aitwe. Mzee akiona picha ya harusi ya wazazi wake inapelekwa chumba cha nyuma, moyo wake unakwenda nayo, na hadithi hutaipata tena.

Siku ya watoto ina mambo yake, nitaifikia.

Hatua ya 3: Tafuta mwenye mwaliko (wiki 9 hadi 7)

Kituo kikialika peke yake wanakuja wale wale: wanaokipenda tayari. Wanaokosekana wataitikia wito wa mtu wanayemjua. Mtafute huyo. Anaweza kuwa mwalimu mkuu, mkutubi, kiongozi wa chama cha wenye ulemavu, muuguzi wa kliniki, imamu, mchungaji, au katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Unapokwenda kwake usiende na tangazo lililokwisha kuchapwa ukamwomba alisambaze. Nenda na lile swali, umuulize kama ndilo. Akilibadilisha, shukuru. Kisha kubalianeni kwa maandishi, ukurasa mmoja tu: nani anaalika, nani analipia nini, nani anapanda jukwaani, rekodi itatumika wapi, na nani anaweza kusema "hapa tusimame". Kama kuna fedha, sehemu yake iende kwa mshirika, kwa sababu simu zote zile anazowapigia watu wake ni kazi, na kazi ina malipo.

Mpe tarehe tatu achague yeye. Wewe hujui siku gani kuna mtihani, msiba au ibada.

Hatua ya 4: Haki za kuonyesha (anza mapema, usiahirishe)

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Haki ya kurusha filamu hewani si haki ya kuionyesha ukumbini. Ni vitu viwili, na mara nyingi mikataba miwili. Diski uliyonunua dukani au akaunti ya filamu unayolipia kila mwezi ni ya kutazama nyumbani. Ukiitumia mbele ya hadhira umevunja hakimiliki, hata kama kiingilio ni bure. Muulize msambazaji au mtayarishaji haki ya kuonyesha hadharani, na upate kwa maandishi: tarehe, mahali, idadi ya watu, kama unaruhusiwa kuonyesha sehemu tu, na kama mjadala unaoonyesha vipande vya filamu unaweza kurushwa baadaye.

Ruhusa ya kuonyesha sehemu ni ya thamani kubwa. Filamu ya dakika 84 inakula jioni yote. Dakika 35 hadi 45 zilizochaguliwa vizuri zinawasha mazungumzo na kuacha muda wa kuyafanya.

Kama filamu inaonyesha watu wa eneo hilo hilo, waonyeshe wao kwanza, peke yao, siku kadhaa kabla. Hakuna mtu anayestahili kuiona sura yake akilia kwa mara ya kwanza huku majirani 150 wakimtazama.

Hatua ya 5: Mahali, saa na milango

Chagua mahali ambapo watu wamezoea kuingia bila kuomba ruhusa. Studio ya kituo inapendeza kwenye picha, lakini kwa wengi lango lenye walinzi linasema "hapa si kwako". Maktaba, shule au ukumbi wa mtaa mara nyingi ni bora zaidi.

Nenda ukaone kwa saa ile ile shughuli itakapofanyika. Jua linaingilia dirisha lipi? Nje kuna kelele gani? Watu watarudi nyumbani kwa usafiri gani saa ya kumaliza? Ingia kwa mlango ambao mtu mwenye kiti cha magurudumu atautumia, upite njia yote mpaka chooni. Mteremko wa njia yake usizidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Nafasi za viti hivyo ziwe sehemu mbalimbali za ukumbi, pamoja na ya mwenzake aliyeambatana naye, si zote zirundikwe nyuma kabisa.

Filamu iwe na maandishi chini ya picha kwa kila mtu. Yanawasaidia viziwi, wasiosikia vizuri, wanaojifunza lugha, na kila mmoja pale sauti inapokwaruza. Kwa shughuli inayozidi saa moja, waite wakalimani wawili wa lugha ya alama wapokezane, takriban kila dakika 20, maana kazi hiyo inachosha mikono na akili. Watumie filamu na majina ya wageni wiki moja kabla. Halafu jambo dogo linalosahaulika karibu kila mahali: taa za ukumbi zikizimwa kwa ajili ya filamu, na mkalimani naye anatoweka gizani. Mwekee taa yake ndogo, imwangazie kifuani na usoni bila kumwagikia kwenye skrini, na uijaribu ukiwa umekaa kwenye viti vya viziwi, si ukiwa umesimama jukwaani.

Kuhusu idadi: kwa shughuli ya bure, mimi huhesabu kwamba kati ya theluthi na nusu ya waliojiandikisha hawatafika. Andikisha zaidi ya viti kwa kiasi hicho, lakini wanaoingia wasivuke idadi ambayo ukumbi umeruhusiwa kwa usalama, na uwe na la kumwambia aliyefika akakuta pamejaa. Ujumbe wa kukumbusha utumwe mara mbili, siku tatu kabla na asubuhi ya siku yenyewe.

Hatua ya 6: Mitambo

Fundi wa studio na fundi wa ukumbini ni watu wawili tofauti. Wa studio amezoea sauti inayokwenda kwenye rekoda. Wa ukumbini anafikiria sikio la bibi aliyekaa safu ya mwisho. Kama unaye mmoja tu, mkumbushe kwamba kwanza anamhudumia bibi.

Skrini: umbali wa aliyekaa mwisho usizidi mara 6 ya kimo cha picha. Ukumbi wa mita 18 unahitaji picha ya mita 3 kwenda juu. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya vichwa vya waliokaa, angalau mita 1.2 kutoka sakafuni, kwa sababu maandishi yako chini na vichwa ndivyo huyafunika. Projekta ya kazi za ofisini itakuaibisha kwenye ukumbi wenye mwanga. Tafuta yenye lumeni (kipimo cha mwanga) 5,000 au zaidi.

Filamu iwe faili ndani ya kompyuta, na nakala ya pili kwenye diski ya pembeni. Usitegemee intaneti ya ukumbi. Icheze yote mwanzo hadi mwisho kwenye kompyuta ile ile utakayoitumia, kisha zima arifa, zima usingizi wa skrini, chomeka chaja. Sauti na taa za jukwaa zisitumie soketi za mzunguko mmoja wa umeme. Kama kuna jenereta, ikae nje na mbali na madirisha, kwa ajili ya kelele na zaidi kwa ajili ya moshi wake, ambao unaua.

Ukumbi mtupu unavuma. Ukijaa, miili ya watu inameza sauti. Hivyo sauti uliyoiridhia saa tisa mchana itakuwa ndogo saa moja jioni. Mweke mtu safu ya mwisho mwenye ishara mbili tu za mkono, ongeza na punguza, na fundi amtazame yeye katika dakika tano za kwanza. Spika ziwe mbele ya maikrofoni, zisiwe nyuma yake, la sivyo itapiga mluzi. Betri za maikrofoni zisizo na waya ni mpya kila shughuli, hata kama za jana bado zina nguvu.

Hatua ya 7: Mjadala

Sasa tumefika kwenye karatasi ya yule mama.

Jioni ya dakika 120 naigawa hivi. Milango hufunguliwa nusu saa kabla, na kila anayeingia hupokelewa kwa salamu, kadi tupu na kalamu. Kukaribisha: dakika 4, na anayekaribisha ni mshirika, si mkurugenzi wa kituo. Filamu: dakika 40. Taa ziwashwe taratibu, kisha kimya cha nusu dakika ambacho hakuna anayekivunja. Baada ya hapo mwezeshaji anasema: "Mgeukie aliye jirani yako, mwambie ni kitu gani kimekugusa." Dakika 4. Ukumbi unaanza kunguruma kama mzinga, na katika mngurumo huo mtu ambaye hajawahi kushika maikrofoni anajaribu maneno yake kwa sikio moja kabla ya kuyatoa mbele ya 150. Ndipo zinakuja dakika 50 za watu wote. Zinazobaki ni za kuandika kadi, kuaga, na zile dakika ambazo siku zote hupotea.

Wageni wa jukwaani wawe wawili, watatu wakizidi sana, na mmoja wao awe amepitia jambo lenyewe maishani mwake. Wakae safu ya mbele, wasipande mpaka watu watano wa ukumbini wamesema. Waambie mapema, kwa upole lakini bila kuzunguka: hotuba hakuna, utaulizwa, utajibu, dakika 2. Wengi wao hushukuru, maana wamechoka kuandaa hotuba.

Mwezeshaji si lazima awe mtangazaji maarufu. Awe mtu anayeweza kuvumilia kimya. Akiuliza "nani ana la kusema?" na ukumbi ukanyamaza, asubiri sekunde kumi kamili kabla ya kufungua mdomo tena. Sekunde kumi ni ndefu sana ukiwa umesimama mbele za watu, na karibu kila mara kuna mkono unaoinuka kwenye ya saba au ya nane.

Maikrofoni haitolewi mkononi. Msaidizi huishika karibu na kidevu cha msemaji, akachuchumaa ili asiizibie kamera sura ya msemaji. Wasaidizi wawili, kila mmoja upande wake, na mmoja awe tayari amemfikia msemaji wa pili huku wa kwanza akimalizia. Msemaji akipitiliza, msaidizi hamnyang'anyi, mwezeshaji humwita kwa heshima: "Shikamoo mzee, nimekuelewa kwamba kliniki hufungwa kabla hamjatoka kazini. Nimelipata? Basi naliandika." Mtu akisikia neno lake limeshikwa, huketi. Anayerudia hurudia kwa sababu hana hakika kwamba amesikika.

Atakayelia, alie. Mwezeshaji anyamaze naye, msaidizi akae karibu, kamera ishuke. Kama mada ni nzito, kama vile ukatili au kufiwa, awepo mshauri nasaha ukumbini tangu mwanzo, aonyeshwe kwa watu, na kiwepo chumba kidogo chenye mlango unaofungwa.

Atakayekishambulia kituo chako, msikilize kuliko wengine wote. "Huwa mnakuja kwetu kukiwa na mafuriko au maiti tu." Niliwahi kuambiwa hivyo, na alikuwa sahihi. Usitetee. Sema umesikia, uandike mbele yake, na mtayarishaji yule wa hatua ya kwanza asimame aseme jina lake.

Wapo pia ambao hawatasema kamwe hadharani, na kadi ni yao. Dakika 10 kabla ya kufunga, kila mtu aandike jambo moja ambalo kituo kilifuatilie. Mwenye kutaka jibu aweke jina na namba. Asiyetaka, aache wazi. Wasaidizi wawaandikie wasioandika, bila kutangaza, kwa kuketi nao tu.

Na ufunge kwa saa uliyotaja, hata kama pamepamba moto. Kuna mwenye basi la mwisho.

Hatua ya 8: Kamera na ridhaa

Bango la mlangoni linalosema "panarekodiwa" halitoshi, kwa sababu watu hawasomi mabango wakiwa wanatafuta viti. Mwezeshaji aseme kwa mdomo. Tengeni safu ambazo kamera haizifikii, zenye kuona skrini vizuri kama nyingine. Asiyetaka kurekodiwa apewe kibandiko cha rangi, akivae pale mpiga picha anapoweza kukiona. Mtoto harekodiwi bila sahihi ya mzazi au mlezi. Na aliyesema jambo la ndani sana apigiwe simu kesho yake, akiwa ametulia, aulizwe kama bado anakubali litoke. Fogo waliwapa watu nafasi ya kukataa mwaka 1967, na vifaa vyao vilikuwa vizito kuliko vyetu.

Siku ya watoto, kwa haraka

Wahusika wa katuni wanaovaliwa na mtu huvuta mstari mrefu kuliko kitu kingine chochote, na ndani ya vazi kuna joto kali. Aliyevaa akae dakika 15 hadi 20, kisha apumzike muda kama huo faraghani na anywe maji. Watoto wasimwone kavua kichwa. Pembeni yake awepo msindikizaji wakati wote, maana haoni chini na mtoto mdogo yuko chini. Andika muda wa wahusika kwenye ubao ili wazazi wasisimame bure. Kila mtoto avishwe mkanda wa mkononi, namba ya simu ya mzazi ikiwa upande wa ndani. Mtoto aliyepotea apelekwe meza moja inayojulikana na wasaidizi wote, wakae naye watu wazima wawili, na jina lake lisitangazwe kwenye spika.

Weka pia kona moja ya kimya, yenye mikeka na vitabu, bila muziki. Kuna watoto ambao makelele yanawaumiza kweli, na mzazi wa mtoto kama huyo atakumbuka kwamba ulimfikiria.

Wanasiasa na wadhamini

Amua kabla hujaulizwa, na uandike. Mgombea anaweza kuketi ukumbini kama mwananchi mwingine. Wakati wa uchaguzi hasalimii kutoka jukwaani, la sivyo wapinzani wake wote wapewe nafasi iyo hiyo. Mdhamini anatajwa na kushukuriwa, lakini hachagui filamu, wageni wala maswali, na meza yake ya bidhaa haikai kati ya mlango na viti. Mkataba wake useme hivyo waziwazi. Watu wakihisi mara moja tu kwamba jioni yao iliuzwa, hawatarudi, na mshirika aliyewaita kwa jina lake ndiye atakayeulizwa mtaani.

Hatua ya 9: Rudisha majibu

Usiku ule ule, kabla ya kukunja nyaya, wote waliofanya kazi wasimame dakika 10: kipi kilikwama, nani alinyoosha mkono hakufikiwa. Kesho yake mshirika apigiwe simu ya shukrani, na ndani ya siku mbili waliojiandikisha wapate ujumbe.

Ndani ya wiki moja, kadi zote zisomwe kwa sauti mezani, mtayarishaji akiwepo. Zipangeni katika mafungu matatu: za kujibiwa na kituo, za kupelekwa kwa mwenye mamlaka, na za kutengenezewa kipindi. Kila kadi iandikwe jina la anayeishughulikia na tarehe. Barua ya mwenye mamlaka ipelekwe kwa mkono na ipokelewe kwa sahihi; akijibu, jibu lake lisomwe hewani, na asipojibu, hilo nalo lisemwe hewani bila matusi. Wiki tatu baada ya shughuli, rudi kwa mshirika, mahali pale pale, hata kama watakuja watu 12 tu, uwasomee kilichofanyika na kisichofanyika.

Aliyeacha namba yake apigiwe na binadamu. Simu hizi huchukua siku mbili nzima, nami huzipanga kwenye bajeti tangu mwanzo kama ninavyopanga viti. Kadi zitakazobaki bila jibu usizitupe. Zifungie kwenye bahasha na uiweke juu ya meza siku mtakayokutana kupanga shughuli inayofuata, maana swali la hatua ya kwanza huwa limo humo.